Mlango Uliotafuta Nyumba

Nimeona watu wakishuka Uluguru na ndizi kichwani. Nimeona wakishuka na kuni, na mbuzi, na mgonjwa mgongoni.

Mwenye mlango nilikuwa bado sijamwona.

Jumatatu hiyo nikamwona.

Mzee mmoja, mwembamba kama mwiko, kabeba mlango mzima wa mvule kichwani. Anakuja polepole, hatua kwa hatua, jasho linamtiririka.

Nyumba hana. Mlango tu.

Sokoni watu wakaanza.

"Mzee, nyumba umeiangusha wapi?"

"Mwacheni, inakuja nyuma. Imechoka na mteremko!"

Mimi nilikuwa nimekaa njia panda na kikaango changu cha vitumbua, na mdomo wangu, Mungu anisamehe, haujawahi kulala njaa. Alipoutua mlango kando yangu apumzike, nikaugonga kwa mwiko.

"Hodi! Hodi humu! Wenyewe wapo?"

Mzee akanitazama. Hakucheka, hakukasirika.

"Wenyewe hawapo," akasema. "Nimebaki mimi tu."

Weee! Nikaushusha mwiko.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa ukoo gani?"

Nikamwambia. Mzee akaniangalia kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta sura anayoijua. Kisha akanitajia ukoo wake.

Basi bwana, nikaruka! Kumbe mtani wangu! Ukoo wake na ukoo wangu wanataniana tangu mababu. Wao wakifa sisi ndio tunachimba kaburi, sisi tukifa wao ndio wanaingia jikoni kwetu kulamba vyungu.

"Aaa! Mzoga wewe!" nikapiga kelele. "Kumbe naamkia mzoga! Rudisha shikamoo yangu! Umeshuka mwenyewe nikuzike, au miguu imekosea njia?"

"Nimeshuka nikutafute," akasema.

"Umenipata. Na huo mlango nimeuchukua. Mtani haombi, anachukua. Kuanzia leo ni meza yangu."

Nikaunyakua kweli. Nikaulaza juu ya mawe manne, nikatandika majani ya mgomba, nikapanga vitumbua vyangu. Watu walicheka hadi kushika mbavu.

Mzee hakucheka. Alinisogelea.

"Umeuchukua kweli?"

"Nimeuchukua. Na wewe nimekuchukua, utanichotea maji."

Akakaa chini kwenye vumbi, akafuta macho kwa kona ya shuka lake.

"Basi nimepona," akasema.

Mimi nikajua ni uchovu wa mlima. Ningejua alichomaanisha, ningekula vitumbua vyangu mwenyewe siku hiyo, nisiuze hata kimoja.

Jina langu Mwaisha. Hayo ni ya Morogoro ya Mjerumani, mwaka ule gari la moshi limeshatufikia na reli inasukumwa kwenda Kilosa. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha. Njaa yake ilikuwa bado haijapata habari kwamba vimekwisha.

Watu walikuwa wanamiminika. Huyu kijiji chake kimechomwa. Huyu alichukuliwa kufanya kazi ya reli, akavunjika mguu, akaachwa. Huyu mkewe kafa, na kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mke. Mke akifa mume anafungasha.

Wote wanafika Morogoro na swali moja: nitalala wapi?

Hakuna aliyenipa kazi ya kulijibu. Siku moja tu mwanamke mjamzito alikaa karibu na kikaango changu mpaka jua likaanza kushuka, nikashindwa kuondoka. Nikampeleka misheni. Kesho yake akaja mwingine, kasikia. Baada ya masika moja, hata misheni wenyewe walikuwa wananiletea watu niwatafutie pa kulala!

Nikawajua wote wenye paa. Misheni walichukua yatima, na mtu mzima aliye tayari kujifunza sala. Msikitini msafiri alikaa siku tatu, ya nne anashukuru Mungu anaondoka. Kambi ya reli walitaka mikono yenye nguvu. Bwana Fidahussein, mwenye duka kubwa, aliachia watu baraza lake mvua ikinyesha.

Wote walikuwa watu wema. Kila mmoja na masharti yake.

Na wote walikuwa na wimbo mmoja: "Huyu mpeleke kwa mwenzangu."

Nilimwona bibi kizee mmoja akizungushwa kutwa nzima. Misheni wanampeleka msikitini, msikitini wanampeleka kwa Mhindi, kwa Mhindi wanamrudisha kwangu. Aliponifikia mara ya pili akaniuliza, "Mwanangu, hivi wewe ndiye wa kwanza au wa mwisho?"

Nilimpa kitumbua.

Dawa yangu kwa wale waliokataliwa kote ilikuwa utani. Mtani anaingia bila hodi, anakaa juu ya kitanda chako, anakutukana, na kumfukuza ni aibu ya ukoo mzima. Kwa hiyo mtu akinijia nilimuuliza kabila na ukoo kabla ya jina. Halafu nilimtafutia mtani wake mjini.

Kama yule Mnyamwezi, mpagazi, mwenye kidonda mguuni. Nilimkokota hadi Mafiga kwa Asia, mjane wa Kizaramo.

"Asia! Nimekuletea mtumwa wako. Mguu mmoja umeoza, wa pili unaufuata!"

"Mtumwa gani? Huo ni mzoga! Utupe nje fisi wale."

Anasema hivyo huku anakunja mkeka wake mwenyewe amtandikie. Mnyamwezi naye akavuta pumzi: "Nyumba yenyewe inanuka Kizaramo, sijui kama nitapona."

Akapona. Alikuwa bado yupo kwa Asia wakati Mzee Dadi, yule wa mlango, anashuka.

Mzee Dadi nilimzungusha wiki ile nzima, mlango mchana meza yangu, jioni kichwani kwake, na nilichoka.

Wa kwanza alikuwa Paulo, katekista wa misheni, kijana mpole.

"Dada Mwaisha, tuna kona moja jikoni. Lakini mlango abaki nao nani?"

"Naingia nao," akasema Mzee Dadi.

"Mzee, sisi tuna milango."

"Najua. Huu hauna watu."

Paulo akanitazama. Nikatazama pembeni. Msikitini ilikuwa hivyo hivyo: msafiri karibu, ubao tafadhali uache nje. Mzee akagoma. Wakampa siku zake tatu pale barazani, yeye na ubao wake.

Bwana Fidahussein aliuzunguka mlango, akaupapasa. Ulikuwa umechongwa kwa tezo kutoka gogo moja, una kigingi juu na kigingi chini vya kuzungukia.

"Mvule hii nzuri sana, mzee. Mimi nanunua, napata mlango ya ghala, wewe unapata chumba. Kwisha maneno."

"Hauuzwi."

"Basi bei wewe sema."

"Mwenyewe ni mtani wangu," akasema Mzee Dadi, akaninyooshea kidole. "Muulize yeye."

Nikacheka. "Siuzi meza yangu, Bwana Fidahussein. Vitumbua vitakaa wapi?"

Tulipotoka, Paulo, ambaye alikuwa amekuja dukani kununua chumvi, akaniuliza lile swali ambalo wote waliniuliza siku moja au nyingine.

"Dada, samahani. Mbona usimchukue wewe?"

"Kwangu kumejaa."

"Kumejaa watu?"

"Kumejaa, Paulo. Nunua chumvi yako."

Sasa kuhusu nyumba za mji ule lazima mjue kitu. Boma lilitoza kodi kila nyumba, na jumbe wetu ndiye aliyehesabu. Alikuwa mtu mzito, hapendi kuinama wala kuingia ndani. Alisimama njiani akahesabu milango. Mlango mmoja, nyumba moja. Penye mlango alihesabu hata kama ni banda la kuku, pasipo na mlango alipita.

Ndiyo maana nusu ya mji iling'oa milango ikaning'iniza majamvi. Asia naye alikuwa na jamvi.

Kwa hiyo nilipompelekea Mzee Dadi, akakunja uso.

"Mtu namtaka. Paa langu linavuja na masika hayo yanakuja, na nasikia huyu ni fundi. Lakini mlango sitaki hata kuuona umesimama. Jumbe ana macho ya mwewe."

"Ukilala je?"

"Nini?"

"Mlango ukilala chini si mlango, Asia. Ni ubao."

Akafikiri. "Ukilala, sawa. Uwe uvunguni. Aje Alhamisi, Mnyamwezi atakuwa amehamia kambi ya reli."

Nikarudi njia panda natembea kama nina mbawa. Nilikuwa na sababu. Mpiga mbiu alikuwa ameshapita na ngoma yake: mkubwa wa Wajerumani anakuja na gari la moshi Jumamosi, mji uwe safi. Mtu yeyote asiye na nyumba atakayekutwa Ijumaa jioni atachukuliwa na askari, apelekwe mashamba ya Wazungu. Muda hautajwi. Mzee wa umri ule kwenye mashamba yale, nani asiyejua mwisho wake?

Lakini Alhamisi tunayo. Paa tunalo. Nikajisemea, Mwaisha, umeshinda tena.

Jamani, msijisemee hivyo.

Alhamisi asubuhi biashara ilikuwa nzuri. Meza yangu mpya ilikuwa imenipandisha hadhi, wapagazi wamejaa, Mzee Dadi ananichotea maji kama tulivyotaniana. Akaja binti mmoja kutoka mlimani, Veronika, na kapu la maharage. Akaagiza vitumbua. Akanyoosha mkono kuchukua.

Kitumbua hakukichukua.

Alifunua jani la mgomba. Akatazama ule ubao. Akatazama kigingi.

"Dada," akasema polepole, "huu mlango umeutoa wapi?"

"Kwa mtani wangu. Vipi, unataka wa kwenu?"

"Huu ndio wa kwetu." Kapu likamdondoka. "Huu ndio tuliombebea shangazi yangu kwenda kaburini!"

Halafu mpagazi mmoja akatema. Wa pili akatema. Wa tatu alikuwa ameshameza, akaingiza vidole kooni pale pale. Mwanamke mmoja akapiga yowe: "Tumekula juu ya maiti!" Soko zima likaitika. Vitumbua vyangu vilikanyagwa na watu waliokuwa wananiita mama dakika moja kabla.

Mzee Dadi akaja na mtungi wa maji. Akaona. Akautua.

"Mzee," nikasema, "niambie ni uongo."

Akashangaa. Alishangaa kweli, siyo kwa kujifanya.

"Lakini si unajua?"

"Najua nini?"

"Ulisema umeuchukua! Wewe ni mtani!"

Ndipo akanieleza, tumekaa kwenye vumbi kati ya vitumbua vilivyosagika.

Mlango ule aliuchonga mwenyewe mwaka aliooa. Mkewe alipofariki, ilikuwa mvua kubwa, kamba za kitanda zikakatika njiani. Wakarudi wakaung'oa mlango, wakambebea huo. Baada ya mazishi, wakwe wakasema kilichobeba maiti hakirudi nyumbani. Kitupwe, au achukue mtani wa ukoo, maana mtani ndiye anayeweza kukigusa na kukitumia bila madhara. Akishakitumia, kimetakaswa.

Lakini watani walikuwa hawapo tena. Vita viliwatawanya. Mzee akashindwa kuutupa, na nyumba ile haikuwa yake tena. Akaubeba. Akashuka mlima kumtafuta mtani.

"Nikakukuta wewe," akasema. "Ukaniita mzoga. Ukaunyakua bila kuomba, ukaweka chakula juu yake mbele ya watu wote. Hakuna aliyewahi kufanya vizuri hivyo. Nikasema huyu mama anaijua kazi."

Mimi nilikuwa nachekesha soko. Yeye alikuwa kwenye matanga.

Nilitaka kulia, nilitaka kucheka, sikuwa na nguvu za hata kimoja.

"Basi mlango ni safi?" nikauliza.

"Safi kuliko sahani za misheni."

Nenda kawaambie watu sasa! Nusu ya mji ni wa bara, nusu wa pwani, wengine Wahindi. Nani atasikiliza mambo ya koo mbili za mlimani? Walichosikia ni kimoja: Mwaisha wa vitumbua anatembeza kifo nyumba hadi nyumba.

Asia akamtuma Mnyamwezi, bado hajahama, anachechemea. Hakuweza kunitazama.

"Amesema hapana. Amesema si ubaya. Amesema anaogopa."

Paulo akasema kona ya jikoni imeharibika. Kona inaharibikaje? Sikumuuliza.

Na jioni ile ile akaja Bwana Fidahussein mwenyewe. Amevua kofia, anaizungusha mkononi. Mzee Dadi amekaa kando yangu.

"Bi Mwaisha. Mimi naona haya sana."

"Sema tu."

"Wapagazi nagoma. Leo wanaona mkeka yako, wanasema magunia ya ufuta iko na mkosi, kwa sababu... wewe nalala pale juu. Mimi nawaambia mwaka mbili analala, ufuta haina kosa. Hapana sikia. Kesho mzigo lazima nakwenda stesheni. Nisamehe, dada yangu. Ghala... leo hapana."

Mzee Dadi akageuka akanitazama.

Ndiyo.

Niliposema kwangu kumejaa, sikudanganya. Kulijaa magunia ya ufuta mpaka darini. Nyumba ya mama yangu iliungua mwaka wa vita, mume wangu alikufa njaa ya baada yake. Mimi niliyewalaza watu mji mzima nilikuwa nalala nyuma ya ghala la Mhindi, naingia watu wakishatoka, natoka kabla hawajaingia. Yeye peke yake alijua. Kwa miaka miwili hakumwambia mtu.

Kila mtu aliniuliza nani ana nafasi. Hakuna aliyeniuliza nalala wapi, na mimi kwa vicheko vyangu nilihakikisha hawaulizi.

Usiku ule tulijikunja chini ya mti wa stesheni. Ijumaa asubuhi nikazunguka. Safari hii sikuwa na mtu wa kumwombea, nilikuwa najiombea mimi.

Misheni: "Dada, ungekuwa yatima..." Nikamwambia Paulo mimi ni yatima, nimechelewa tu kukua. Hakucheka.

Msikitini: wanawake hawalali barazani.

Kambi ya reli: nyapara akatazama mikono yangu. "Unaweza kubeba taruma la reli?"

Kwa Asia sikuingia. Nilisimama nje, nikaona jamvi linatikisika, nikajua yuko nyuma yake amebana pumzi.

Yale maneno yote niliyajua. Nilikuwa nimeyasikia mara nyingi mno, nikayabeba kwa upole nikayapeleka kwa watu wengine: subiri kidogo, jaribu kule, ni watu wema hawa, si ubaya. Sikujua yalikuwa mazito hivi ukiyabeba mwenyewe.

Nikarudi kwa Mzee Dadi. Alikuwa amekaa juu ya mlango wake.

"Baba, nimeshindwa. Jioni askari wanakuja. Wewe utapelekwa na mimi nitapelekwa."

"Mtani."

"Niache nipumzike."

"Mtani, mzoga wewe, nijibu. Mimi nina mlango. Wewe una nini?"

"Sina kitu."

"Mluguru mwanamke hana kitu? Mama yako alilala juu ya mti?"

Nikamwelekeza kwa kidevu. Kule chini ya mlima, juu kidogo ya njia, kipo kiwanja cha mama yangu. Majivu yameota majani. Ni changu kwa haki ya ukoo, hakuna anayekigombea.

"Kumbe una kiwanja!" akasema. "Miaka miwili unalala juu ya ufuta una kiwanja! Mbona hukujenga?"

"Nijenge na nani? Sina mume, sina kaka."

"Uliwaomba watu?"

Mimi niliyegonga kila nyumba ya Morogoro kwa ajili ya wageni, sikuwahi kumwambia mtu hata mmoja: nisimamishie mti.

"Mtani haombi, anachukua," akasema Mzee Dadi. "Ulinifundisha wewe. Nyanyuka."

Kufikia alasiri tulikuwa tumechimba mashimo mawili. Hatukuwa na muda wa kuta. Hatukuwa na nyasi za paa. Tulikata miti miwili, tukaisimamisha kama miimo, tukalaza wa tatu juu na wa nne chini. Yule mzee, ambaye nilidhani upepo utamchukua, aliingiza vigingi kwenye matundu yake kwa pigo moja la tezo yake, aliyoshuka nayo kiunoni.

Mlango ukasimama. Ukafunguka. Ukafungwa. Haukulia hata kidogo.

Nyuma yake hakukuwa na kitu. Majani, majivu, na Uluguru wenyewe.

Tukaingia. Kwa kupitia mlangoni, mzee alisisitiza. Tukafunga. Tukakaa chini.

Jua halijazama wakaja: jumbe na fimbo yake, nyuma yake askari wawili na kamba yenye watu saba tayari. Nilisikia watu wa mjini wakiwafuata kutazama.

"Toka nje nyinyi!" askari akafoka.

"Bisha hodi kwanza," nikasema. Mdomo huu utaniua siku moja.

"Nyumba iko wapi?"

"Umesimama mlangoni, baba."

"Jumbe, hawa hawana nyumba! Huu ni mlango mtupu!"

Nikafungua kidogo, nikachungulia. "Shikamoo, jumbe. Wewe huwa unahesabu nini?"

Jumbe akaegemea fimbo yake. Lile ndilo jambo: nusu ya mji ilikuwa imeng'oa milango. Kila mwaka hesabu yake ilipungua, na kila mwaka boma lilimuuliza nyumba zinakwenda wapi, na siku ya kesho mkubwa wao anashuka kwenye gari la moshi. Na hapa mbele yake umesimama mlango mpya wa mvule, mzuri kuliko wa boma.

Nikamwona anavyoutazama. Kama mtu mwenye njaa anavyotazama ubwabwa.

"Nyumba moja," akasema.

"Jumbe!"

"Nimesema nyumba moja. Mwenye nyumba?"

"Mwaisha."

"Na mzee?"

"Mtani wangu. Nimemchukua."

Askari hakuridhika. Akanyoosha mkono ausukume mlango. Jumbe, ambaye ni wa mlimani kama sisi na habari za soko alikuwa nazo zote, akamdaka kiwiko.

"Usiguse. Huo ulibeba maiti."

Yule askari aliruka nyuma kama kakanyaga nyoka. Mwenzake alikuwa ameshafika njiani.

Walipoondoka tulicheka mpaka tukalia, na mimi nililia kweli. Wale saba kwenye kamba walikwenda. Sikuwa na mlango wa kuwatosha. Watatu kati yao nilikuwa nawajua kwa ukoo.

Kisha masika yakaanza usiku huo huo. Ndani ya nyumba yetu mpya mvua ilinyesha sawasawa na nje.

"Mtani," akasema Mzee Dadi, meno yanagongana, "funga mlango, baridi inaingia."

Alfajiri nikasikia hodi. Asia, na jamvi lake kichwani.

"Mzoga," akasema, ingawa sisi si watani. Akalitua jamvi. Nyuma yake Mnyamwezi na mguu wake, kabeba miti. Baadaye Paulo akaja na mafungu ya nyasi, na Bwana Fidahussein akaleta kamba na uso wa kuomba radhi. Hakuna aliyeugusa mlango kwa mkono. Waliingia upande ambao hauna ukuta.

Nyumba ikakamilika masika yakiwa katikati. Na sikilizeni maajabu: ile ile habari iliyotufukuza ndiyo ikatulinda. Mwizi hakuthubutu. Askari wakipita walipita mbali. Wale waliokataliwa kote, wenye ukoma, wenye wazimu, vikongwe wa kuzungushwa, nikawalaza mle, nyuma ya mlango ambao hakuna mwenye kiboko aliyetaka kuugusa. Palijaa. Safari hii palijaa watu.

Sikupumzika. Msidhani simulizi hii ina mahali ambapo nilipumzika. Gari la moshi liliendelea kushusha watu.

Mzee Dadi alikaa nasi hadi masika ya tatu. Alipokufa nilimtukana kama inavyotakiwa, kaburi lake nililisimamia mimi, na tuliung'oa mlango wake tukambebea. Tuliporudi kutoka makaburini waombolezaji wakasimama uani wakinitazama, nani atausogelea.

Nikaunyakua bila kuomba. Nikauegemeza kwenye mwimo wake, nikaugonga kwa mwiko.

"Hodi. Wenyewe wapo?"

Ndani wagonjwa na vikongwe waliobaki wakaitika, wengi kwa pamoja: "Karibu!"

Nikaurudisha mahali pake.

Funzo nililolipata ni dogo, na nimelinunua ghali. Mtu anayewatafutia wenzake pa kulala kila siku huku anacheka, siku moja mzuie njiani, muulize na yeye analala wapi. Akikujibu kwamba kwake kumejaa, usinunue chumvi ukaenda zako.

Muulize kumejaa nini.